Mikuki Themanini

Katika vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, Mbeya, hakuna anayecheza gemu ndefu. Unalipa, unapewa pedi, unacheza mpira wa dakika kumi au unapigana ngumi mpaka mmoja aanguke, kisha unanyanyuka. Aliyefungwa anatoka, anayefuata anakaa. Nyuma ya benchi wamesimama watoto waliotumwa chumvi saa nzima iliyopita. Biashara imejengwa juu ya mechi, na mechi lazima iishe. Gemu ya saa arobaini, ile unayoianza ukiwa kijana wa kijijini asiye na upanga na kuimaliza ukiwa umemshinda mungu, haiwezi kuishi pale. Nani atakulipia? Na ukilipa, utasevu wapi? Memori kadi ya kibanda, kama ipo, ni ya kila mtu. Kesho utakuta mtu amefuta safari yako yote ili apate nafasi ya ligi yake.

Kwa hiyo mtu anayecheza gemu za mkakati, zile za kujenga mji, kulima, kukusanya jeshi na kuumiza kichwa usiku kucha, au gemu za uhusika, zile za kumlea mtu mmoja kutoka unyonge hadi ushujaa, huwa ana vitu viwili: mashine yake mwenyewe, na muda ambao hakuna anayeuhesabu. Mwezi wa sita mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa na kimoja na nusu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Alikuwa na laptopu ya mtumba isiyoshika chaji, ambayo ukigusa waya tu inazima. Lakini muda wake ulikuwa na mtu anayeuhesabu.

"Wewe si ndiye unayesomea elimu?" Baba aliniuliza kwenye simu. "Njoo ukae na mdogo wako wiki moja. Zungumza naye. Anacheza usiku na mchana, na mambo ya chuo ndiyo hayo yanakuja."

Ninasoma uzamili Mbeya, nyumbani ni Iringa. Nilikuwa na wiki moja ya kupumua kabla ya kurudi kwenye andiko langu. Baba hakujua kwamba amempa fisi bucha alinde. Hizi gemu nilizianza mimi, mdogo wangu akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na basi linasimama kila penye mtu mwenye gunia. Njia nzima nilicheza Final Fantasy Tactics kwenye simu, kwa emuleta inayoendesha gemu za zamani za PSP. Ilitoka kwanza mwaka 1997 kwenye PlayStation, ikarudi PSP mwaka 2007, na mimi sijaona bado iliyoipita. Watu wako wachache wanasimama kwenye miraba kama kete za drafti, kila mmoja na zamu yake. Hadithi inasimuliwa na mwanahistoria aliyekuja miaka mingi baadaye. Anasema kwamba mfalme anayesifiwa vitabuni hakuwa peke yake, kwamba kulikuwa na kijana mwingine, Ramza, ambaye kanisa lilimwita mzushi na jina lake likafutwa.

Kinachonishika zaidi ni namna watu wanavyokufa. Mtu wako akianguka, juu ya kichwa chake inatokea namba tatu. Zamu yake ikipita, inakuwa mbili. Kisha moja. Usipomfikia na dawa kabla namba hazijaisha, anageuka kuwa kito au kasha la hazina, na hatarudi tena. Nimewahi kupoteza mpiga mishale niliyemlea wiki tatu, kwa sababu alikuwa miraba miwili mbali na mtu mwenye dawa. Tulikuwa tunapita Igawa, nikampoteza mwingine. Mama wa kiti cha pembeni akaniuliza kama nimepata msiba.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu kajifunika blanketi mpaka mabegani. Iringa ya mwezi wa sita haina utani. Nikamwamkia Bibi, "Kamwene," akaitika, kisha akanong'ona kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia: "Mume wangu ameoa kompyuta. Mimi nimekuwa mke mkubwa."

Siku mbili za kwanza tulicheza Civilization VI kwenye laptopu yangu, maana yake isingeiweza. Hii ni ya 2016. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo na watu wachache, ramani yote ikiwa giza isipokuwa pale uliposimama. Unajenga mji, unavumbua maandishi, unavumbua gurudumu, na ukibahatika kufika mwisho unarusha roketi. Feni ya laptopu ilivuma kama mashine ya kusaga. Tulipokezana zamu, yeye akiwa mtawala wa Nubia na mimi mshauri ambaye hasikilizwi.

Gemu hii ina mataifa makubwa yanayoweza kushinda, na ina miji-dola, ambayo ipo tu ili mataifa makubwa yaigombanie. Zanzibar ni mmoja wa miji-dola hiyo. Ukiwa mlezi wake, unapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huwezi kuzipata kwingine kokote kwenye ramani. Watu wako wanafurahi, miji inanenepa. Unaweza kuilinda Zanzibar, unaweza kuiteka, unaweza kuipelekea wajumbe. Huwezi kuwa Zanzibar.

Halafu kuna kundi la tatu. Kwa Kiingereza wanaitwa "barbarians", na sijui tafsiri nyingine ya Kiswahili inayouma zaidi ya washenzi. Hawana mji, hawana mtawala, huwezi kuzungumza nao. Kambi zao huota gizani, kwenye ardhi ambayo hakuna taifa linaloiangalia. Ukiweka askari mlimani akawa anaona bonde lote, kambi haioti. Ukigeuza macho, wapo.

Kiswahili kinajua jambo hili vizuri kuliko gemu. Karne ya 19, watu wa pwani waliiita bara ushenzini. Mshenzi alikuwa mtu wa huko ndani: Mnyamwezi, Mgogo, Mhehe. Neno hilo limepoa siku hizi, tunarushiana kwenye foleni ya daladala. Lakini zamani lilikuwa na ramani yake.

Nilikuwa namweleza mdogo wangu hayo, kwa ile sauti ya darasani ambayo anaichukia, akanikatisha. Alisogeza kipanya kutoka Zanzibar kwenda kushoto, kwenye giza.

"Basi ndiyo hivyo, dada. Zanzibar ipo. Sisi ndio kambi."

Akafunga gemu bila kusevu. Akaniambia kuna kitu anataka kunionyesha, lakini nisimwambie Baba.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye laptopu yake, ndani ya Age of Empires II, toleo la kwanza kabisa la 1999. Gemu hii ina sehemu ya kutengenezea ramani zako mwenyewe: unachora milima na mito, unapanda miti, unaweka majeshi, kisha unaandika masharti. Jambo fulani likitokea, jambo jingine lifuate. Masharti hayo yeye anayaita mitego. Alikuwa na daftari la kaunta limejaa mitego kwa kalamu ya bluu, na marekebisho kwa nyekundu. Ramani aliyokuwa anatengeneza ilikuwa Lugalo.

Kwa msomaji asiyetoka huku: Lugalo ni kando ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa kinapita hapo, askari mia tatu na ushee na wapagazi wengi nyuma yao. Wapiganaji wa Mkwawa walikuwa wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe, wakisubiri ishara. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege akampiga risasi. Wahehe wakadhani ndiyo ishara, wakanyanyuka. Bunduki nyingi hazikuwahi kulia mara mbili. Zelewski aliuawa pale pale na kikosi chake kikavunjika.

Mdogo wangu alikuwa amefanya hivi: kikosi kikipita kati ya vilima viwili, ndege wa kwenye ramani anatoweka, na mikuki themanini iliyofichwa msituni inaachiwa. Themanini, kwa sababu zaidi ya hapo laptopu inaganda. Kumi na moja asubuhi ya siku moja, alisema, aligundua kwa nini mtego ulikuwa unafyatuka mapema: mpagazi mmoja alikuwa anatangulia mbele ya askari.

Tulikaa kwenye ramani ile siku tatu. Nikisema tulicheza nitakuwa nadanganya, maana tulibishana zaidi ya kucheza. Toleo lile la 1999 lina mataifa kumi na matatu tu, na hakuna hata moja la kusini ya Sahara. Wajerumani ni rahisi, wapo Teutons. Wahehe je? Alijaribu Goths, ambao askari wao wa miguu ni wa bei rahisi, akakumbuka kwamba hao hawawezi kujenga ukuta wa mawe, na ukuta ataukosea vipi wakati ramani ya pili ni Kalenga? Akaishia kwa Celts, kwa sababu askari wao wa miguu ni wepesi kuliko wote. Kwa hiyo Wahehe wa mdogo wangu wana asili ya Scotland.

Hilo lilituchekesha mpaka Bibi akagonga ukuta. Lakini lina upande mwingine. Katika gemu ile askari wa kila taifa wana sura moja, yule yule mzungu wa zama za kati mwenye chepeo, tofauti ni rangi ya nguo. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kwa Lugalo hilo halina ubaya kama anavyofikiri, ila kinyumenyume. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na Wajerumani wachache. Askari wake wengi walikuwa Wasudani na Wazulu waliotafutwa mbali, na wapagazi walikuwa watu wa nchi hii hii. Waliouana kwenye yale majani wangeweza kabisa kuwa na sura moja.

Akaandika kwa nyekundu.

Kisha nikadai upande wa tatu. Ramani yake ilikuwa na Wahehe na Wajerumani basi, kama ubao wa drafti. Basi lililonileta lilipita Usangu, na Merere wa Usangu, ambaye watu wake walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Wahehe, aliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Ukimtoa Merere unapata hadithi tamu ya weusi dhidi ya weupe, na hutaelewa kamwe Kalenga iliangukaje. Alikataa. Alisema ataonekana anawasema watu wa Mbeya, na mimi naishi huko. Tukakubaliana kwamba Merere awepo kwenye ramani ya pili, kwa rangi ya njano, akianza kama asiye upande wowote, na mchezaji aone mwenyewe anavyogeuka.

Ramani ya pili ndiyo iliyotushinda.

Mkwawa alikuwa amezungushia Kalenga ukuta wa mawe. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, safari hii wakiongozwa na gavana mwenyewe, von Schele, wakaipiga ngome kwa mizinga. Kilima walichopigia kinaitwa Tosamaganga, na wazee wanasema jina lenyewe ni kurusha mawe. Tarehe 30 Kalenga ikaanguka. Kwenye Age of Empires hilo halina fumbo lolote: ukuta una namba, mzinga una namba, unagawanya. Mdogo wangu alikuwa amempa mchezaji njia ya kushinda: ukituma wepesi wako kilimani usiku, ukavunja mizinga yote minne, Kalenga inasimama.

"Haikusimama," nikasema.

"Najua. Lakini gemu isiyoshindika nani ataicheza?"

Swali hilo sikulijibu haraka na sidhani kama lina jibu la haraka. Raha yote ya gemu za mkakati ni kwamba zinakupa historia yenye kitufe cha kurudia. Umepoteza mji, unafungua sevu ya jana. Ila kwa sisi wengine hamu ya kurudia inaanzia mbali kuliko raha. Kila mtoto wa Iringa aliyepelekwa na shule yake kwenye makumbusho ya Kalenga amewahi kusimama mbele ya lile fuvu na kupanga vita upya kichwani. Ningeweka watu kule kilimani. Nisingeuamini ukuta. Nisingekaa ndani.

Na Mkwawa hakukaa ndani. Alitoka, akapigana porini karibu miaka minne, bei ya kichwa chake ikiwa rupia 5,000. Nikamwambia mdogo wangu kwamba ramani ya kweli ni ile ya tatu, ambayo hakuitengeneza: hakuna mji wa kulinda, hakuna mashamba, watu wanapungua na lengo ni kuiona kesho. Katika hiyo unaweza kushinda kila siku mpaka siku moja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo: Mlambalasi anaifanyaje? Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Mchezaji abonyeze kitufe gani?

Umeme ukakatika hapo, na laptopu isiyo na betri ikaenda nao. Tukahamia jikoni kwenye moto wa Bibi.

Bibi hajui gemu ni nini. Alimsikiliza mjukuu wake akieleza mambo ya mitego, mikuki na mfalme anayeongozwa kwa kipanya, akachochea moto, akasema: "Mume wangu, yule ni mtu. Ana kaburi. Ana wajukuu, wengine tunasali nao. Kichwa chake kilikaa ulaya miaka na miaka kwenye kabati, wazungu wanakigeuzageuza. Kimerudi mimi nikiwa msichana mdogo. Na wewe unataka kumgeuzageuza tena?"

Kichwa kilirudi Juni 1954, gavana Twining akakikabidhi kwa Chifu Adam Sapi. Hilo nililijua. Sikuwahi kulisikia kwa mtu aliyekuwa hai siku hiyo.

Nilitaka kumtetea mdogo wangu, na nilikuwa na hoja. Lakini Bibi hakuwa peke yake duniani. Mwaka 2018 Civilization VI ilipomwongeza Poundmaker, kiongozi wa Wakrii wa Kanada aliyetafuta amani na Wazungu, kiongozi mmoja wa Wakrii wa leo, Milton Tootoosis, alilalamika hadharani. Hakusema wamemchora vibaya. Alisema gemu inamfanya aonekane kana kwamba watu wake nao walitaka kile kile walichotaka wakoloni, kuteka nchi za wengine. Sisi tulikuwa tumekaa siku mbili tukinung'unika kwamba hatumo. Kumbe kuna waliotiwa ndani wakaomba watoke.

Baba tulizungumza Ijumaa, baada ya kutoka kwenye drafti yake. Anacheza pale kona kwa vizibo vya soda, saa tatu kila jioni, na wanaomzunguka humwita mwalimu. Sikuligusa hilo. Nilimwambia kwamba mtoto wake ameandika mitego zaidi ya mia moja kwa mkono na kutafuta kosa moja siku nne bila kulalamika, na kwamba mimi kwenye darasa la uzamili ninao wachache wa namna hiyo.

"Itamlisha?"

Nilimtajia Wesley Kirinya wa Kenya, aliyetoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Kiro'o Games ya Kamerun, waliotoa Aurion, gemu ya uhusika iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na wafalme na mizimu ya kwao. Nilimwambia pia ukweli wa upande wa pili: ni kazi ya wachache, na wengi wanaoipenda hula kwa kazi nyingine za kompyuta. Baba akachukua penseli. Akaandika sayansi ya kompyuta, chini yake ualimu wa hisabati, akatazama, akabadilisha mpangilio, akaurudisha. Penseli, alisema, ni kwa sababu matokeo hayajatoka.

Jumapili nilipanda basi kurudi Mbeya. Tulikuwa kati ya misonobari ya Mafinga, Ramza wangu akiwa na namba mbili juu ya kichwa, ujumbe ukaingia. Mdogo wangu amemtoa Mkwawa kwenye ramani. Ameachana pia na kuongoza majeshi kutoka angani. Sasa mchezaji ni mtu mmoja tu, yule mpagazi aliyekuwa anatangulia mbele ya askari na kuharibu mtego. Anaingia kati ya vilima viwili na mzigo kichwani. Hana mkuki, hana bunduki, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Mzigoni aweke nini, dada?" aliuliza. "Nataka vitu vya kweli."

Nikafunga gemu, nikaanza kuandika: mchele, chumvi, vitambaa, risasi za watu wengine.